Mbegu ipi ya viazi vitamu inatoa viazi vikubwa? Namna ya kupima mwenyewe shambani, kwa sisi wa Dodoma

Mbukwenyi wadau. Kila mwaka Nanenane pale Nzuguni lazima ukute banda lina kiazi kitamu kimoja cha ajabu kimewekwa mezani peke yake, kikubwa kama kichwa cha mtoto, watu wamejazana na simu wanapiga picha na jamaa wa banda anauza marando pembeni. Mi mwenyewe niliwahi kuingia mkenge. Nikanunua mafungu mawili, nikayapakia kwenye bodaboda mpaka Ihumwa, nikayashikiza nyuma ya bafu nikawa nayanywesha maji ya kuoshea vyombo kuanzia Agosti mpaka mvua zilipoanza Desemba, nikapanda, na nilipokuja kuchimba mwezi wa tano nikakuta vidole. Vidole kabisa aisee, halafu kila baada ya mashina saba nane hivi ndo unakutana na jitu moja. Sasa ukiniuliza yule wa banda alinidanganya, ntakwambia hapana, kiazi chake kilikuwa cha kweli tupu. Mi ndo nilichagua mbegu kwa kuangalia kiazi kimoja.

Kwahiyo hapa naandika jinsi ya kulinganisha mbegu za viazi vitamu kwa ukubwa, kwenye udongo wako mwenyewe, kwa jembe na mizani ya jikoni na daftari. Haihitaji usomi. Inahitaji uvumilivu wa msimu mmoja na mtu wa kukusaidia siku ya kuchimba, basi.

Kabla ya yote, ukubwa unatoka wapi

Viazi vitamu tunapanda marando, yaani vipande vya shina, hatupandi mbegu ya punje. Maana yake mashina yote ya mbegu moja ni pacha, damu moja kabisa, hamna hata tofauti ndogo (labda mara chache sana rando moja libadilike lenyewe). Punje zipo, ua likichavushwa linatoa, ila kiazi kitamu kina seti sita za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi), jumla 90, kwahiyo ukipanda punje mia unapata watoto mia wasiofanana, hiyo kazi waachie watafiti.

Sasa ukishaelewa hilo, jambo la pili linakuja lenyewe: ukichimba tuta moja la mbegu moja ukakuta shina hili lina kiazi cha nusu kilo na la jirani lina vidole, hiyo tofauti haitoki kwenye mbegu. Inatoka kwenye udongo, maji, rando lilivyokatwa, lilivyopandwa, kivuli, kirusi, au jirani yake alikufa akaliachia nafasi. Tofauti ya mbegu ni ile inayobaki ukishasawazisha hayo yote. Ndo maana kiazi kimoja mezani hakikwambii kitu, huwezi kujua hapo kimesema mbegu au kimesema shimo la mbolea.

Mbegu zenyewe zinatofautiana kwa namna kama tatu. Moja, idadi, kuna mbegu shina linaweka viazi viwili vitatu na kuna inayoweka sita saba, na chakula kinachotengenezwa na majani ni kile kile kinagawanywa, kwahiyo wengi wanakuwa wadogo, ni kama familia na sufuria moja ya ugali. Mbili, muda, kuna mbegu ya miezi mitatu na nusu imeshamaliza na kuna ya miezi mitano sita ambayo mwezi wa nne bado ina vidole lakini ukiiacha inakuja kukuacha mdomo wazi. Tatu, umbo, kiazi cha duara na kirefu chembamba vinaweza kuwa na uzito sawa ila jicho litakwambia kingine kabisa.

Kwa wapenda rekodi, mwaka 2004 kisiwani Lanzarote, Hispania, kilichimbwa kiazi kitamu cha kilo 37 kikaingia kwenye rekodi za Guinness. Kilo 37, huyo ni mtoto wa darasa la sita. Na hicho nacho kilikuwa kimoja.

Hatua ya 1: Jiulize unataka ukubwa gani, sio mbegu ipi ni kubwa

Watu wengi wanaruka hapa wanakuja kulia sokoni. Kubwa sio lazima iwe bora. Niliwahi kupeleka soko la Majengo viazi vikubwa nikijua ntashangiliwa, mama mmoja muuzaji akanichagulia vya wastani tu akaviacha vile vikubwa kwenye kiroba. Nikamuuliza, mama mbona umeviacha vinono? Akanijibu, "Mwanangu, nikipanga fungu la buku na hivi vyako ntaweka kimoja, mteja anataka aone vitatu vinne, ana watoto nyumbani."

Kwahiyo: kama unauza kwa mafungu au kwa mama lishe wa chai ya asubuhi, unataka viazi vya gramu 150 mpaka 300, vinaingia sufuriani bila kukatwa na vinaiva pamoja. Kama unakaanga chipsi za viazi vitamu au unakata michembe ya kuanika, hapo vikubwa ni raha, kumenya kidogo nyama nyingi. Wale wa Gairo ukipita barabara ya Morogoro unaona wanavyopanga kwenye ndoo, vikubwa juu vinakuita vidogo chini vinakusubiri, biashara ni biashara. Na kama unauza kwa gunia la lumbesa kwa mchuuzi wa Dar, yeye anataka vilingane, vidole vikizidi anakata bei na vikubwa sana vinavunjika njiani.

Andika ukurasa wa kwanza wa daftari: "nataka viazi vya kuanzia gramu fulani mpaka gramu fulani". Ukishaandika hivyo, swali lako limebadilika, sasa unatafuta mbegu inayotoa viazi VINGI ndani ya hiyo saizi.

Hatua ya 2: Tafuta mbegu tatu au nne, na ile ya nyumbani iwemo

Usizidishe nne, utachoka. Moja lazima iwe ile unayolima siku zote au anayolima jirani, bila hiyo huna cha kulinganishia.

Nyingine ulizia kwa afisa ugani wa kata au kwenye vituo vya TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo), hapa kwetu vipo Hombolo na Makutupora, wao wenyewe wakiwa hawana watakwambia uende wapi. Majina utakayosikia kwenye viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, ni kama Kabode, Mataya, Kiegea, Ejumula, Kakamega. Kabode alizaliwa Uganda kwa jina la NASPOT 10 O, ni kazi ya timu ya Dk. Robert Mwanga, ambaye mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, kwa sababu ya kazi ya mazao yaliyoongezewa lishe, na kwa Mwanga, Andrade na Low ni viazi lishe hivi hivi. Kwa vyeupe kuna Polista na za kienyeji kibao.

Onyo moja la muhimu, majina ya viazi vitamu ni fujo. Mbegu moja ina jina hili Kongwa na jina lingine Bahi, na jina moja utakuta linabeba mbegu tatu tofauti. "Ile nyekundu", "ile ya miezi mitatu", "ile aliyoleta mzungu". Kwahiyo kila mbegu ipe namba yako, piga picha jani, rando, na kiazi kilichokatwa katikati, andika umeipata wapi. Usiamini jina, amini picha.

Hatua ya 3: Sawazisha marando

Hapa ndo majaribio mengi yanafia kabla hayajaanza. Mtu ana marando mabichi ya mbegu mpya kayatoa bondeni jana, ya nyumbani kayakata wiki iliyopita yamelala uani, anapanda, halafu anashangaa mbegu mpya imeshinda. Imeshinda nini sasa.

Fanya hivi. Miezi miwili kabla ya mvua, yaani kuanzia Oktoba, panda mbegu zote kwenye kitalu kimoja karibu na maji, siku moja. Mvua zikikaribia unakata zote siku moja, ncha tu, sentimita 30 hivi, usichanganye ncha na vipande vya chini maana ncha inashika haraka na inakua vizuri zaidi. Rando lenye majani yaliyokunjamana, madogo, yenye manjano manjano, tupa, hicho ni kirusi. Kile kirusi kibaya cha viazi vitamu kwa kweli ni viwili vinavyoungana, kimoja kinaletwa na wadudu mafuta na kingine na inzi weupe, vikikutana kwenye shina moja unaweza kupoteza karibu viazi vyote. Na mbegu ikiwa na kirusi utaihukumu kwamba ni ya vidole kumbe ni mgonjwa.

Idadi: kwa mpangilio ntakaoeleza hapa chini unahitaji marando 120 kwa kila mbegu, kata 140 ili ubaki na ya akiba.

Hatua ya 4: Gawa shamba na upige kura

Chagua sehemu ambayo mwaka jana hapakuwa na viazi, isiyo na mti wa kivuli. Udongo wa kichanga au tifutifu ndo wake. Mbuga sikushauri, ule udongo mweusi ukilowa unanyima mizizi hewa, ukikauka unapasuka na fukuzi (wadudu wanaotoboa viazi) wanapita kwenye nyufa kama wanaenda mnadani.

Piga matuta ya mita 3 urefu, toka tuta mpaka tuta mita 1, kimo cha goti au chini kidogo. Shina na shina sentimita 30, kwahiyo tuta moja mashina 10. Matuta manne yanaitwa ploti moja, na ploti moja inabeba mbegu moja.

Sasa usiweke mbegu A yote upande wa juu na mbegu B yote upande wa chini, maana upande wa chini ndo maji yanatulia na samadi inaserereka huko. Gawa shamba vipande vitatu, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini ya mteremko. Ndani ya kila kipande weka mbegu zote nne, ploti moja moja. Nani akae wapi? Andika namba kwenye vikaratasi, tia kwenye kofia, mpe mtoto achomoe. Rudia kura upya kwa kila kipande, usinakili ya kwanza. Najua utasema si nipange tu mwenyewe, lakini binadamu ukiachiwa upange utampa unayempenda kona yenye rutuba bila kujijua, mi nimejikuta nafanya hivyo huku najiona.

Choma vijiti na namba, na uchore ramani kwenye daftari kwa sababu vijiti vitaondoka na mbuzi.

Hatua ya 5: Panda na utunze, zote kwa mkono mmoja

Mvua zetu ni kama milimita 550 mpaka 600 tu kwa mwaka, zinaanza Desemba na Februari mara nyingi zinakata kidogo halafu zinarudi Machi. Ukipanda ardhi ikiwa imelowa vizuri Desemba, unapata zile wiki za mwanzo zenye maji. Na hizo wiki ndo kila kitu. Kiazi kitamu kinaamua idadi ya viazi ndani ya wiki nne mpaka sita za kwanza: mizizi ile michanga inachagua, huyu awe kiazi, huyu abaki mzizi wa kunywa maji. Ikipigwa na ukame hapo, mizizi inakomaa kuwa migumu kama penseli na hairudi nyuma hata mvua ije ya gharika. Baada ya hapo kinachobaki ni kunenepa tu. Kwahiyo ukiona shina lina viazi vichache na vikubwa sana, wakati mwingine ni hadithi ya ukame wa Januari na mvua nzuri ya Machi, mbegu haihusiki.

Theluthi mbili ya rando iingie chini, macho matatu au zaidi yafukiwe, kwa kulaza kidogo au kusimamisha ila njia moja kwa mbegu zote. Ukimwagilia, mwagilia zote. Ukipalilia ploti moja leo usiache nyingine hadi Jumatatu, bora umalize kipande kizima siku hiyo hiyo.

Mbolea sasa. Samadi iliyooza kidogo wakati wa kupiga matuta inatosha, sawa kwa kila tuta, pima kwa ndoo. Yurea iache dukani. Naitrojeni ikizidi unapata matembele ya kulisha mtaa mzima, majani meusi yamenawiri, chini hamna kitu. Jivu la jikoni linasaidia kidogo kwa sababu lina potasiamu na viazi vinaipenda. Na tukizungumzia matembele, katika majaribio haya USICHUME. Mke wangu alikuwa anachuma kwenye ploti iliyo karibu na jikoni, kila jioni, nikaja kugundua mwezi wa tatu ile ploti imekonda kuliko zote. Sikusema kitu, mboga nilikuwa nakula mimi.

Pandishia udongo mara mbili, nyufa zikianza kuonekana kwenye tuta ujue kiazi kinanenepa, ziba, maana fukuzi anasubiri hapo hapo. Rando likifa wiki ya kwanza, rudishia. Likifa baada ya wiki mbili, acha pengo na uliandike, kwa sababu la kurudishia litachelewa, na majirani wa pengo wanapata nafasi ya ziada wananenepa kwa upendeleo, hao hawahesabiwi.

Hatua ya 6: Kuchimba

Kwenye kila ploti tuta la kwanza na la mwisho ni ukuta tu, hayapimwi. Yale mawili ya katikati ndo ya kupima, na kwenye hayo acha shina la kwanza na la mwisho. Unabaki na mashina 8 mara 2, yaani 16 kwa ploti, na vipande vitatu ni mashina 48 kwa kila mbegu. Kwa nini ukuta? Mashina ya pembeni yana jua na nafasi kuliko wenzao, karibu kila jitu la maonyesho limetoka pembeni ya shamba au kwenye rundo la samadi la zamani.

Chimba lini? Hapa nina ushauri ambao wengine watabisha. Usichimbe vyote siku moja. Tuta moja la katikati chimba siku ya 120, la pili siku ya 150. Ukichimba mapema tu, mbegu ya miezi mitano utaionea. Ukichimba mwisho tu, hutajua kwamba ile ya haraka ilikuwa tayari mwezi mzima nyuma, wakati bei ilikuwa nzuri na fukuzi hajazidi. Kwa Dodoma huu mwezi mmoja ni mkubwa, mvua ikishakata Aprili udongo unapasuka na kila wiki unayoacha viazi chini unamlisha fukuzi. Ila kumbuka kila tarehe sasa ina mashina 24 tu kwa mbegu, kwahiyo linganisha siku ya 120 na siku ya 120, usizichanganye.

Tumia jembe kwa mbali halafu malizia kwa mkono. Fuata mizizi, kuna mbegu viazi vyote vimejikusanya chini ya shina na kuna zingine kiazi kimetembea nusu mita hadi tuta la jirani, ukivunja ukakisahau umeharibu hesabu. Viazi vya kila shina viwekwe pamoja, usimwage ndoo moja.

Hatua ya 7: Pima kila kiazi, ndio, kila kimoja

Mizani ya jikoni ya kidijitali inayofika kilo 5 inatosha. Pangusa udongo, usioshe. Mmoja anapima anataja, mwingine anaandika: namba ya ploti, namba ya shina, halafu gramu zikifuatana. Shina 4: 310, 180, 95, 220. Basi. Kilicho chembamba kuliko sentimita 2 na nusu hicho ni mzizi, pima pamoja kwenye rundo la vidole vya ploti hiyo.

Kilichotobolewa na fukuzi kipimwe pia kwa sababu saizi ni saizi, weka nyota pembeni, halafu ukizike mbali au ukichome. Kinakuwa kichungu na kina sumu, ng'ombe naye usimpe.

Mizani ikizima chaji (itazima), tumia hesabu hii ya haraka: urefu mara unene mara unene, gawa kwa 2, zote kwa sentimita, jibu ni gramu za kukadiria. Kiazi cha sentimita 15 chenye unene wa 6 ni 15 × 6 × 6 = 540, nusu yake 270. Inafanya kazi kwa viazi vya umbo la yai refu, kilichopinda kama nyoka achana nacho. Sasa angalia kitu: urefu ule ule 15, unene ukitoka 6 kwenda 8, inakuwa 480. Sentimita mbili tu za unene na uzito umekaribia mara mbili. Na kiazi kikizidi kingine mara mbili pande zote, uzito unazidi mara nane. Ndo maana jicho linadanganywa kirahisi pale mezani.

Halafu fanya foleni. Hii ndo sehemu naipenda. Tandika turubai, chukua viazi vyote vya mbegu moja vya tarehe moja uvipange mstari mmoja kutoka kidogo mpaka kikubwa. Chini yake mstari wa mbegu ya pili, ya tatu, ya nne. Sasa tembea mpaka katikati ya kila mstari, chukua kiazi cha katikati kabisa. Hicho ndo kiazi cha kawaida cha hiyo mbegu, hata mtu asiyejua kusoma anakiona. Kisha gawa mstari robo nne, chukua kinachosimama kwenye robo ya kwanza na kinachosimama kwenye robo ya tatu. Vikifanana, mbegu yako inatoa viazi vinavyolingana. Vikiwa kama panya na paka, mbegu ni ya bahati nasibu. Piga picha foleni zote nne kutoka juu, simama hata kwenye ndoo.

Hatua ya 8: Kusoma ulichopata

Chukulia mfano wa kutunga. Shina la mbegu A limetoa 250, 240, 260, 250. Shina la mbegu B limetoa 700, 60, 60, 60, 60, 60. Jumla zote kilo 1 kamili. Mtu wa magunia atasema sare. Mtu wa banda la maonyesho atabeba B. Lakini sokoni A amekuuzia kilo nzima, B amekuuzia gramu 700 na zile 300 ni za kuku. Watafiti wenyewe mara nyingi wanahesabu kiazi cha soko kuanzia gramu 100, chini ya hapo hakiuziki. Wastani wa A ni 250, wa B ni kama 167, na ona kwamba hakuna kiazi hata kimoja cha B chenye gramu 167! Wastani peke yake unaficha, ndo maana nikakwambia fanya foleni. Kiazi cha katikati cha B ni gramu 60.

Kwenye daftari au eksel ya simu, kwa kila mbegu andika: viazi vingapi kwa shina, kiazi cha katikati gramu ngapi, na asilimia ngapi ya uzito wote imeangukia ndani ya ile saizi uliyoandika hatua ya 1. Hiyo ya tatu ndo itakayoamua.

Fanya hesabu hiyo kwa kila kipande cha shamba peke yake, cha juu, cha kati, cha chini. Mbegu ikishinda kote kutatu, ina nguvu, iamini. Ikishinda vibaya sana kipande cha chini na kushindwa viwili vya juu, hapo aliyeshinda ni maji yaliyotulia. Na ukiona mbegu mbili zinapokezana, usilazimishe mshindi, rudia msimu ujao hao wawili tu. Mwaka mmoja wa mvua za Dodoma sio mwaka wa kuchorea tatoo.

Chemsha pia, kila mbegu sufuria lake, waite majirani waonje bila kuambiwa ipi ni ipi. Kuna vikubwa vinaivia maji tupu, kuna vikubwa vimejaa nyuzi. Lile jitu langu la Ihumwa lilikaa motoni saa nzima na katikati lilikuwa bado linagoma kisu.

Hatua ya 9: Tunza mshindi kabla ya kiangazi

Hapa watu wanakosea kwa kuchagua kiazi kikubwa kuliko vyote ili kiwe mama wa mbegu. Nimeshasema mashina ni pacha, kwahiyo kiazi kidogo na kikubwa cha shina moja vinaotesha marando yale yale, hakuna faida ya ukubwa hapo. Kinachotakiwa ni shina lisilo na kirusi, kwahiyo toka Machi funga kamba nyekundu kwenye mashina yenye majani masafi na usizifungue.

Siku ya kuchimba chagua kwenye mashina hayo viazi vidogo na vya wastani, visivyo na tobo wala mchubuko. Acha vipumzike kivulini siku moja mbili, halafu kwenye beseni au ndoo pana weka mchanga mkavu uliopoa, tabaka la viazi visigusane, mchanga, tabaka lingine, malizia na mchanga juu, weka ndani ya nyumba mahali penye ubaridi kuku wasipofika. Kagua kila mwezi, kilichooza au chenye fukuzi toa. Wiki 6 mpaka 8 kabla ya mvua uvipande kitaluni vikiwa na machipukizi yake, mwagilia, na Desemba utakuwa na marando yako mwenyewe bila kumbembeleza mtu wa bondeni. Namba ya mbegu iandike kwa maka peni juu ya beseni lenyewe, sio kwenye kifuniko, vifuniko nyumbani kwangu vinahama. Vile vikubwa vyote peleka Majengo, na kwenye fungu uweke vitatu.